Safisha Meno ya Bolti Kabla ya Kuifunga Injini

Wakulima wa Nuu, katika Kaunti ya Kitui, wanaijua kazi ya kutafuta maji. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikiisha, mito hubaki mchanga mtupu, na mwenye shamba la mboga hana budi kuchimba kisima mchangani na kuvuta maji kwa pampu. Kwa hiyo injini hukaa penye mchanga na unyevu pamoja. Mchanga hujaa katikati ya meno ya bolti, na unyevu huleta kutu. Nanyi wakulima wa skimu za makazi, mwenye injini ya pampu au ya kusaga nafaka, jambo hili lawahusu vile vile.

Wengi wetu, injini inapofunguliwa, hupangusa mashine yote lakini bolti huzirudisha kama zilivyotoka. Je, kuna hasara gani? Hasara ni kubwa. Hata bolti ikiwa safi, karibu sehemu 1 tu kati ya 10 ya nguvu unayotia kwenye spana ndiyo inayobana. Nyingine zote huliwa na msuguano wa meno na wa chini ya kichwa cha bolti. Pakiwa na kutu, msuguano hula zaidi. Spana itakuwa nzito mkononi, nawe utadhani umekaza sana, kumbe kichwa cha silinda hakijabanwa. Hatimaye gasketi huungua, na mboga hukauka shambani huku pampu iko kwa fundi.

Basi, ndugu mkulima, fanya hivi.

Kwanza, toboa matundu katika kipande cha katoni, uchomeke kila bolti mahali pake, maana huenda zisiwe na urefu mmoja.

Pili, loweka bolti katika mafuta ya taa au dizeli, kisha uzisugue kwa brashi ya waya ukifuata mzunguko wa meno. Petroli usitumie, kwa sababu mvuke wake hushika moto upesi. Bolti iliyoliwa na kutu au iliyovutika ikawa nyembamba, itupe.

Tatu, safisha matundu. Usikimbilie chombo cha kukatia meno, kwani chaweza kukata chuma kizima pamoja na kutu. Chukua bolti kuukuu yenye meno ya namna ile ile, uipasue mifereji 2 au 3 kwa msumeno wa chuma, kwa urefu wake, kisha uondoe makali kwa tupa. Izungushe tunduni polepole kwa vidole, nusu mzunguko mbele na robo nyuma. Uchafu utaingia katika ile mifereji. Itoe, uifute, urudie.

Nne, puliza tundu kwa pampu ya baiskeli, ukiyakinga macho yako. Tundu lisilotokea upande wa pili lisibaki na mafuta wala maji. Maji hayashindiliki, bolti ikiyasukuma, chuma cha injini chaweza kupasuka.

Tano, kila bolti iingie kwa vidole mpaka mwisho. Ikikataa, usiilazimishe kwa spana. Huenda si uchafu, bali ni bolti ya kipimo kingine. Injini nyingi za zamani za Uingereza zilikuwa na meno ya Whitworth, kipimo kilichotolewa mwaka 1841. Za siku hizi hutumia milimita. Bolti ya Whitworth ya inchi 5/16 na ile ya milimita 8 zafanana machoni, lakini meno yake hayalingani. Itaingia kidogo, kisha itaharibu tundu.

Mwisho, kaza kidogo kidogo kwa zamu, ukianzia bolti za katikati na kwenda pembeni kwa kupishana. Kitabu cha injini ndicho kitakachokuambia nguvu ya kukazia, na kama bolti ziwe kavu au zipakwe mafuta.

Kazi hii yahitaji mafuta ya taa kidogo, brashi na subira. Bolti ikikatikia ndani ya injini, utahitaji fundi wa kuitoboa, na maji hutayapata mpaka amalize. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.