Hesabu ya Hema Barani Ulaya

Mwenye aila anayeazimu kuizunguka Ulaya kwa hema, akiamini kwamba maadamu halali hotelini basi gharama zitakuwa haba, aghalabu hupiga hesabu mahali pasipo pake. Huumiza kichwa kwa bei ya hema, ambalo hununuliwa mara moja likatumika kwa miaka, ilhali fedha humtoka barabarani, katika petroli, katika ushuru wa njia, na katika vyakula vya mikahawani vinunuliwavyo na watu waliochoka wasiweze tena kuwasha jiko. Rai yangu ni kwamba asizunguke. Achague nchi moja, tena upande mmoja wa nchi hiyo, apige hema, atulie.

Wapo wasifuo Norway, ambako sheria ya mwaka 1957 humruhusu msafiri kulala bure nyikani hadi siku mbili mahali pamoja, ilimradi awe umbali wa mita 150 au zaidi na nyumba inayokaliwa. Haki hiyo ni adhimu, lakini bei ya vyakula madukani humeza yote yaliyookolewa. Mimi hupendelea bonde la Mto Loire, Ufaransa. Huko halmashauri za miji midogo zina viwanja vyao vya kambi, wenyeji huviita camping municipal, ambavyo, ingawa aghalabu havina bwawa la kuogelea wala tamasha za usiku, vina maji ya moto na kivuli, na bei yake kwa kawaida ni nafuu kuliko ya viwanja vya makampuni. Ushuru wa utalii hawatozwi walio chini ya miaka 18. Kando ya mto ipo njia ya baiskeli, tambarare, ambayo hata mtoto huiweza. Na msitu wa kasri ya Chambord, uliozungushiwa ukuta wa kilomita 32, hauna kiingilio, ingawa kuegesha gari hulipiwa.

Kwa atokaye Mombasa au Dar es Salaam, kutulia huko kuna faida nyingine. Viza ya Schengen huombwa kwa nchi atakamokaa siku nyingi zaidi, na mwombaji hudaiwa uthibitisho wa malazi pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000; basi kuwasilisha hati za viwanja viwili ni wepesi kuliko kuwasilisha hati za viwanja kumi katika nchi sita. Ada, tangu Juni 2024, ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, wala hairudishwi ombi likikataliwa.

Kalenda nayo ina hukumu yake. Likizo ya Juni ya shule za Tanzania huangukia kabla Wafaransa hawajafunga shule zao, na wakati huo bei huwa chini. Likizo ya Agosti ya Kenya huangukia katikati ya msimu wa ghali, na mzazi wa Kenya hana budi kuweka nafasi miezi kadhaa kabla.

Mitungi ya gesi hairuhusiwi kabisa ndani ya ndege, na vifungio vyake hutofautiana baina ya nchi na nchi, kwa hiyo jiko na linunuliwe huko huko. Fedha itakayobaki iende kwenye magodoro ya kutandika chini ya mifuko ya kulalia, kwani hata mwezi wa Juni baridi ya usiku hupanda kutoka ardhini, na mablanketi ya juu hayaizuii.