Maji Yaliyo Nyuma ya Sahani ya Pilau

Mchele wa pishori unukiao majikoni mwetu hulimwa Mwea, Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya, kwa maji ya mito Thiba na Nyamindi. Mifereji ya mwanzo ilichimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau. Leo mifereji mikuu i mikononi mwa Mamlaka ya Taifa ya Umwagiliaji. Midogo husafishwa na chama cha wakulima, ambacho pia hugawa zamu za maji. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa 2022, huweka akiba.

Lakini kuleta maji ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyatoa. Udongo wa Mwea ni mweusi, mzito, haunywi upesi. Mavuno yakikaribia, majaruba hukaushwa kwa mitaro. Mtaro wa mmoja ukizibwa na magugu, shamba la jirani hugeuka dimbwi, na riziki ya watoto wake ikaharibika.

Mtume (S.A.W.) alipoletewa shauri la maji la Zubeir na jirani yake, aliamua wa juu anyweshe, kisha amwachie wa chini. Nasi, mama zangu, tusitupe taka mitaroni: jirani wa chini ana haki.