Nyutroni chache, hesabu kali: Mashine inayopima mwendo wa kutambaa

TANGU miaka ya 1950, vituo vya utafiti wa kilimo katika nchi nyingi vimekuwa vikipima maji ya ardhini kwa kifaa kinachoteremshwa ndani ya bomba la alumini lililochimbiwa shambani. Ndani ya kifaa hicho kuna mchanganyiko wa amerisiamu na beriliamu unaotoa nyutroni zenye kasi kubwa. Nyutroni ni chembe ndogo isiyo na chaji ya umeme, na uzito wake unakaribia kulingana na wa kiini cha haidrojeni. Mtoto anayecheza gololi anajua kwamba gololi ikigonga nyingine ya ukubwa uleule hupoteza kasi kwa ghafla. Nyutroni nayo hupoteza kasi hivyo hivyo inapogonga haidrojeni, na maji yamejaa haidrojeni. Zikihesabiwa nyutroni nyingi za mwendo mdogo, udongo una maji mengi.

Lakini kifaa hicho hujibu swali moja tu: maji ni kiasi gani. Hakielezi yanatembeaje. Katika udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, maji hubanwa kati ya matabaka membamba ya madini yaitwayo montimoriloniti. Humo hayatembei kama maji ya ndooni, bali hutambaa. Kupima kutambaa huko kunahitaji mashine ya aina nyingine, yenye gharama ya mamilioni ya euro, na anayeibuni hutumia muda mwingi akipiga hesabu ambazo mfanyabiashara yeyote angezitambua.

Kanuni yenyewe si ngumu. Nyutroni hurushwa kwenye sampuli. Ikigonga molekuli inayotembea, hutoka na kasi iliyobadilika kidogo, na ukijua badiliko hilo umejua mwendo wa molekuli. Tatizo ni kwamba molekuli ikienda taratibu, badiliko ni dogo mno. Mwendo wa molekuli ndefu za mpira, au wa utando wa sabuni unaotenganisha mafuta na maji, huchukua nanosekunde kadhaa hadi mamia, yaani sehemu za bilioni za sekunde. Kwa mwanadamu huo ni muda mfupi usiofikirika. Kwa molekuli ni mwendo wa kobe.

Njia ya zamani ya kukabili tatizo hili inafanana na kupanga kahawa kwa madaraja. Unachagua nyutroni zenye kasi moja tu, ili badiliko lolote lionekane mara moja. Mashine zinazotumia fuwele za silikoni hufanya hivyo: nyutroni hugonga fuwele na kurudi karibu moja kwa moja zilikotoka, na zinazokubaliwa hazitofautiani hata kwa sehemu moja katika elfu. Mashine hizo ni nzuri na bado zinajengwa. Ila anayetaka punje za ukubwa mmoja kabisa kutoka kwenye gunia zima ataishia na konzi moja. Kadiri uchaguzi unavyokuwa mkali, ndivyo nyutroni zinavyobaki chache, na kipimo kikakosa hesabu ya kutosha.

Mwaka 1972, mwanafizikia wa Hungaria Ferenc Mezei alichapisha wazo lililokwepa mtego huo. Liliitwa mwangwi wa spini. Nyutroni ina tabia ya kuwa kama sumaku ndogo. Ikiingia katika uga wa sumaku, mwelekeo wa sumaku yake huanza kuzunguka kama pia. Mezei alipendekeza nyutroni ipite katika koili kubwa kabla ya kufika kwenye sampuli, igeuzwe, kisha ipite katika koili ya pili inayofanana na ya kwanza. Mizunguko iliyohesabiwa katika koili ya kwanza hufutwa katika ya pili. Kama sampuli haikubadilisha kasi yake, nyutroni hurudi ilivyoanza. Kama iliibadilisha, mizunguko haifutiki yote, na salio hilo ndilo kipimo.

Anayeujua mfumo wa stakabadhi ghalani atauelewa utaratibu huu haraka. Hakuna haja ya magunia yote kuwa na uzito mmoja. Kila gunia hupimwa likiingia na kupimwa tena likitoka, na kinachotazamwa ni tofauti ya gunia lenyewe. Hivyo mashine ya Mezei inaweza kupokea nyutroni zinazotofautiana kasi kwa asilimia 10 hadi 20, na bado ikatambua badiliko la sehemu moja katika laki moja. Ya kwanza ya aina hiyo, IN11, ilijengwa katika miaka ya 1970 kwenye taasisi ya Laue-Langevin mjini Grenoble, Ufaransa.

Hata hivyo, bado kuna gharama za kulipa. Nyutroni ya mita 500 hivi kwa sekunde, ikipita katika uga wa nusu tesla wenye urefu wa mita moja, huzunguka karibu mara 29,000. Kosa la robo ya mzunguko linatosha kuharibu kipimo. Nyutroni iliyopita katikati ya koili na iliyopita pembeni zikikutana na uga tofauti kidogo tu, hesabu zao hazioani. Ndiyo maana wabunifu huweka kwenye njia ya mwale koili nyembamba za alumini zilizokatwa kwa umbo maalumu, kusawazisha tofauti hizo. Chuma cha kawaida kwenye sakafu, au sumaku ya jirani, ni adui. Mashine iliyoko Oak Ridge, Marekani, ilijengewa koili zinazopoozwa mpaka zipoteze ukinzani wote wa umeme, na ikazungushiwa kuta za metali inayozuia uga wa nje.

Njia panda kubwa ya mbunifu iko kwenye urefu wa wimbi. Ukiongeza nguvu ya uga mara mbili, muda unaoweza kupimwa huongezeka mara mbili. Ukitumia nyutroni zenye wimbi refu mara mbili, ambazo ndizo za mwendo mdogo, muda huongezeka mara nane. Ni faida ya kuvutia. Lakini nyutroni za mawimbi marefu ni adimu hata baada ya kupoozwa kwa diuteri ya kimiminika, na kuongeza wimbi mara mbili kunaweza kuzipunguza mara 16 hivi. Kipimo cha siku moja kinageuka wiki mbili na ushee. IN15, mashine nyingine ya Grenoble, imefikia karibu nanosekunde 1,000, na muda huo hununuliwa kwa subira.

Haidrojeni, rafiki wa mpima udongo, hapa huleta usumbufu. Inapotawanya nyutroni huvuruga mwelekeo wa nyingi kati yake, na ishara inayobaki ni theluthi moja tu. Watafiti wengi hulazimika kutumia maji mazito, ambayo bei yake haifanani hata kidogo na ya maji ya bomba.

Manufaa yake yapo. Mkulima akimimina dawa ya wadudu ya mafuta kwenye bomba la kupulizia, maji hugeuka meupe kama maziwa kwa sababu ya viungo vinavyofanya kazi ya sabuni. Ugumu au ulegevu wa tando za viungo vya jamii hiyo ni miongoni mwa mambo ambayo mwangwi wa spini umeyapima vizuri. Katika miaka ya 2000, watafiti nchini Ufaransa waliutumia pia kupima maji ndani ya montimoriloniti. Kifaa kisicho na makali ya kutosha huweza kuyakosa maji yanayotambaa, kikatoa jibu kana kwamba yote yanakwenda haraka.

Swali lililobaki ni nani atajenga nyingine. Barani Ulaya vinu viwili vya utafiti, kimoja Berlin na kingine Saclay, vilifungwa mwaka 2019. Chanzo kipya kinachojengwa Lund, Sweden, tangu 2014 kilikadiriwa kugharimu euro bilioni 1.84 kwa bei za 2013. Mpango wa awali ulizungumzia mashine 22. Zikachaguliwa 15 za kuanzia. Ya fuwele za silikoni imo, lakini ya mwangwi wa spini haimo. Wanaotaka iongezwe baadaye hawatafuti fedha peke yake. Watahitaji pia kona ya jengo iliyo mbali na chuma, na mbali na majirani wenye sumaku zenye nguvu, na kona ya namna hiyo huwa rahisi kupatikana kabla majirani hawajahamia.