Je, Wajua? Sauti ya Afunakwa

Je, wajua ya kwamba wimbo wa «Sweet Lullaby», ulioipatia sifa kubwa albamu ya Deep Forest, waliyoitoa Wafaransa Michel Sanchez na Eric Mouquet mwaka 1992 kwa kuchanganya sauti za jadi na vinanda vya umeme, haukutoka katika misitu ya Afrika ya Kati, kama walivyodhani wasikilizaji wengi, bali asili yake ni kisiwa cha Malaita, katika Visiwa vya Solomon, kwenye bahari ya Pasifiki?

Mwimbaji wake ni mwanamke aitwaye Afunakwa, aliyeuimba kwa lugha yake ya Kibaegu, pasipo ngoma wala zumari, mbele ya chombo cha kunasia sauti cha mtaalamu Hugo Zemp. Na mwaka 1973 sauti hiyo ikatolewa kwenye santuri ya mkusanyo wa UNESCO. Maana yake yatia simanzi: yatima ambembeleza mdogo wake anayelia, akimwambia kuwa wazazi wao wamekwisha fariki.

Kosa huzaa kosa, kwani mwaka 1996 Jan Garbarek wa Norwei aliupiga wimbo huo kwa saksafoni, akiunasibisha na watu wa misitu ya Afrika.

Basi kila tuusikiapo muziki wa namna hii, ambao kwa hakika waburudisha roho, na tukumbuke kuwa sauti haikosi mwenyewe, na kumtaja mwenyewe kwa jina lake ni haki, tena ni adabu.