Mwanajeshi aliyezikwa Nyeri akiutazama Mlima Kenya

Mfanyabiashara anayefuata viazi na kabichi katika soko la Karatina huijua barabara ile kona kwa kona. Akishapakia mzigo hugeuza gari kurudi Nairobi, kisha akashika njia ya Namanga, Busia au Malaba. Wachache huendelea mbele kidogo hadi mjini Nyeri, ambako katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro kuna kaburi linaloelekea Mlima Kenya. Kwenye jiwe lake pamechorwa duara lenye nukta katikati. Kwa maskauti wanaofuata alama za njiani, duara hilo husema: nimekwenda nyumbani.

Aliyelala hapo ni Robert Baden-Powell, Luteni Jenerali mstaafu wa jeshi la Uingereza na mwanzilishi wa skauti. Alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941 akiwa na umri wa miaka 83.

Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857, akaingia jeshini mwaka 1876 na kupelekwa India katika kikosi cha wapanda farasi. Alitumikia jeshi miaka 34. Kazi hiyo ndiyo iliyomleta Afrika mara kwa mara, naye hakuja kama mgeni wa amani. Alikuwamo katika msafara wa Waingereza dhidi ya Waashanti mwaka 1895 na 1896. Mwaka huohuo wa 1896 alipigana na Wandebele katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Huko aliamuru Uwini, kiongozi wa Kiafrika aliyetekwa vitani, apigwe risasi. Jeshi lilifanya uchunguzi, na Baden-Powell hakuadhibiwa.

Jina lake lilivuma kutokana na mji wa Mafeking, Afrika Kusini, uliozingirwa na Makaburu kwa siku 217, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Akiwa na askari wachache, aliwahadaa adui kwa mabomu bandia, na kuwaagiza watu wake wainue miguu kana kwamba wanaruka seng'enge ambayo haikuwapo. Uingereza ilimshangilia kama shujaa. Lakini ndani ya mji uleule, Wabarolong walishika silaha kuulinda, na Waafrika wengi walikufa kwa njaa kwa sababu mgawo wa chakula haukuwa sawa. Sol Plaatje, mkalimani wa mahakama ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama kilichokuja kuitwa ANC, aliandika shajara ya siku zile. Kwa hiyo habari za Mafeking hazikubaki kwa jenerali peke yake.

Mwaka 1907 Baden-Powell aliwachukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea, Uingereza, akawafundisha kupiga kambi, kuwasha moto, kusoma nyayo na kusaidiana. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake cha skauti, na mwaka 1910 akaacha jeshi ili aishughulikie kazi hiyo. Leo skauti wapo katika nchi zote za Afrika Mashariki, na wito wao kwa Kiswahili ni maneno mawili: Uwe tayari.

Kila mfanyabiashara wa mpakani anajua kwamba mzigo huulizwa cheti cha uasili: umetoka wapi, umetengenezwa na nani? Skauti nayo ikiulizwa hivyo, jibu halitaishia Brownsea. Katika vita vya Wandebele, Baden-Powell alitembea usiku vilimani na mpelelezi wa Kiafrika, Jan Grootboom, ambaye yeye mwenyewe alimsifu sana katika maandishi yake. Shanga za mti wanazovaa viongozi wa skauti waliohitimu mafunzo ya juu, tangu mwaka 1919, zilianzia kwenye mkufu alioupata katika nchi ya Wazulu, wakati wa vita dhidi ya mfalme Dinuzulu mwaka 1888. Sifa za ujuzi wa porini alizipata yeye. Sehemu kubwa ya ujuzi wenyewe ilikuwa mali ya wenyeji.

Uzeeni, afya ilipopungua, alichagua Nyeri. Rafiki yake Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake, alikuwa na Hoteli ya Outspan, na mwaka 1938 nyumba ndogo ilijengwa kwenye uwanja wa hoteli hiyo. Waliiita Paxtu. Hapo aliishi na mkewe Olave, akiandika na kuchora ndege na wanyama. Baada yake nyumba hiyo ilikaliwa na mwindaji mwingine mwanajeshi, Jim Corbett wa India, ambaye naye amezikwa katika makaburi hayohayo. Olave alifariki mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa kuzikwa kando ya mumewe.

Nyeri, hata hivyo, ina kumbukumbu zaidi ya hiyo. Ndiko alikotoka Dedan Kimathi, na misitu ileile iliwaficha wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka 1954 waliichoma Treetops, hoteli ya juu ya mti ya Walker. Nao waliishi kwa kusoma nyayo, kuficha moshi na kutembea usiku, wala hawakuhitaji kitabu cha jenerali kuyajua hayo.

Serikali ya Kenya imelitambua kaburi la Baden-Powell kuwa mnara wa kitaifa, na maskauti kutoka nchi nyingi hufika kutoa heshima. Mji uliopigania uhuru wake unalitunza kaburi la askari wa dola iliyoutawala, na wageni wake hula, hulala na kununua hapo. Anayepita na mzigo wa Karatina ana haki ya kusimama pale, akavua kofia, na bado akamkumbuka Grootboom, Uwini na Wabarolong wa Mafeking. Heshima kwa marehemu haidai wengine wasahauliwe.