Chembe ndogo, maji safi: kazi ya Askwar Hilonga na swali kwetu Kampemba

Wengi wetu tukisikia neno "nano" tunawaza paka mashini ya bei kali ya Ulaya ao Japani. Leo nawaeleza kazi ya mtoto wa kijiji wa Tanzania mwenye aliingiza ile sayansi ndani ya chujio la maji.

Anaitwa Askwar Hilonga, wa kijiji cha Gongali, upande wa Karatu, kaskazini mwa Tanzania. Doktora aliifanya Korea ya Kusini, ku chuo kikuu cha Hanyang. Kisha akarudi kufundisha Arusha, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia.

Nano maana yake nini? Chukua jiwe la umbo la dadu, sentimita 1 kila upande. Uso wake wote ni sentimita 6 za mraba. Ulikate kuwa vidadu vya milimita 1: jiwe ni lile lile, lakini uso umefika sentimita 60 za mraba. Endelea mpaka kila kidadu kiwe nanometa 1, ni kusema milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Sasa uso ni mita 6,000 za mraba, karibu uwanja mzima wa mpira, na jiwe ungali unaweza kulifunika ndani ya ngumi!

Kule Korea, Hilonga alitengeneza silika, ndugu ya mchanga. Unachanganya silikati ya sodiumu, kitu cha bei ndogo, pamoja na asidi. Inageuka jeli, unaikausha kwa uangalifu, inabakia na matundu madogo mingi sana. Ni ukoo mmoja na chungu na tofali, lakini matundu yake yanapangwa kwa kipimo.

Sisi ba agronomo tunaijua hii kanuni. Juu ya nini udongo wa mfinyanzi unashika potasiamu kuliko mchanga? Chembe zake ni ndogo, uso wake ni mkubwa, na ku uso njo bintu binanata.

Kaskazini mwa Tanzania ni nchi ya volkano, na maji ya sehemu nyingi iko na floridi kupita kipimo cha OMS, miligramu 1.5 kwa litre. Meno ya batoto yanageuka kahawia, na ikizidi sana miaka mingi, mifupa inapindika. Kuchemsha hakusaidii: maji inapungua, floridi inabakia. Hilonga akapanga hivi: maji ipite kwanza mu mchanga, uzuie uchafu na sehemu ya vijidudu. Kisha ipite mu vifaa vya nano, vishike floridi na metali. Tena vifaa vinachaguliwa kufuatana na maji ya kila mahali. Mu 2015 alikuwa wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Na juu ya wenye hawana nguvu ya kununua chujio, kukawekwa vituo ambako mtu anauziwa maji iliyosafishwa kwa bei ndogo.

Turudi kwetu. Metali za huku ni shaba, kobalti, na ndugu zake. Lubumbashi ilianza kuyeyusha shaba mu 1911, na moshi haukubebwa na upepo mpaka mwezini. Mu 2009, watafiti wa UNILU na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kama mkojo wa bantu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga ulikuwa na kobalti nyingi sana. Metali inaingia kwa vumbi, kwa chakula, na kwa maji. Hapa Kampemba bantu wanachimba visima ndani ya parseli. Maji inatoka nyeupe, tunasema ni safi. Lakini kobalti iliyoyeyuka haionekani kwa macho.

Kwa hiyo, mtu akikuletea chujio "ya nano", umuulize mambo matatu. Ilitengenezwa kwa kushika nini? Maji yangu iko na nini, nani aliipima? Ikijaa, inabadilishwa wakati gani, na ile takataka yenye metali inatupwa wapi? Chembe zikisha kujaa, hazishiki tena, hata kama maji inaendelea kupita vizuri.

Hatuweki chokaa mu shamba bila kupima asidi ya udongo. Maji ya kunywa iko na haki ile ile. Fundisho la Hilonga kwetu si kununua chujio lake: alianza na ugonjwa wa maji ya kwao, akapima, njo akatengeneza.

Balisansie wa kemia, wa jiolojia, wa afya ya jamii, muko humu. Tukianza na visima kumi vya Kampemba, nani eko na labo ya kutupimia?