Kwa Nini Unaahirisha Kusoma: Sababu Zilizojificha Ndani

Kuahirisha si kupumzika, wala si kubadili ratiba kwa sababu umeugua malaria. Kuahirisha ni kuisogeza mbele, kwa hiari yako, kazi uliyokusudia kuifanya, huku ukijua kwamba kuisogeza huko kutakudhuru. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ya kushangaza. Kwa nini mtu ajidhuru akijua?

Jibu la haraka ni uvivu. Sasa mchukue mtahiniwa wa Dumila. Jumamosi alfajiri yuko shambani akivuna nyanya na wazazi wake. Saa tatu yuko barabarani, pale mabasi ya Dodoma yanaposimama, akikimbilia madirishani na ndoo ya vitunguu. Jioni anachota maji na kufua sare. Kisha anafungua daftari la Hisabati, analitazama dakika mbili, analifunga, na ghafla anakumbuka kwamba viatu vyake havijapigwa rangi. Huyu unamwitaje mvivu? Ndani ya lile daftari kuna kitu anachokikimbia.

Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba anayeahirisha hutafuta kutuliza hisia mbaya za sasa, na gharama anamwachia yeye mwenyewe wa kesho. Daftari huleta woga. Ukilifunga, moyo hutulia papo hapo. Nafuu hiyo ndiyo mtego, maana akili hujifunza kwamba kukimbia kunalipa.

Woga wa nini? Mara nyingi ni woga wa kupimwa. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani, Steven Berglas na Edward Jones, waliwapa wanafunzi wa chuo maswali. Baadhi walipewa maswali yasiyo na jibu, kisha wakaambiwa wamefanya vizuri sana. Kabla ya jaribio la pili waliruhusiwa kuchagua dawa: moja ilisemwa inasaidia akili, nyingine inaivuruga. Wanaume wengi wa kundi hilo walichagua ya kuvuruga. Hawakujua walivyofaulu mara ya kwanza, wakahitaji kisingizio cha kutumia wakianguka. Wewe huhitaji dawa, kutosoma kunatosha. "Nimepata F kwa sababu sikusoma" inauma kidogo. "Nimesoma usiku na mchana, nikapata F" inauma sana, kwa sababu inaonekana kukuhukumu wewe mwenyewe. Ndiyo maana hata wenye akili nyingi, waliozoea kusifiwa, huahirisha.

Kwa shule zetu kuna sababu nyingine ambayo vitabu vya ng'ambo haviitaji. Wengi mlisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, mkaingia kidato cha kwanza mkakuta Fizikia na Jiografia kwa Kiingereza. Yule asiyeelewa maneno huanza kuamini kwamba haelewi somo, na aibu hiyo humfuata hadi kidato cha nne. Jaribu hivi: swali linalokutisha liulize kwa Kiswahili. Ukiweza kulijibu, basi unachokosa ni msamiati, na msamiati hujifunzwa.

Usijitukane kwa siku zilizopotea. Mwaka 2010 Pychyl na wenzake Michael Wohl na Shannon Bennett waliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu nchini Kanada. Waliojisamehe baada ya kuahirisha maandalizi ya mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo zaidi kwa mtihani uliofuata. Kujilaumu huongeza hisia mbaya juu ya daftari lile lile unalolikwepa.

Leo usiku chukua mtihani uliopita wa somo unalolikwepa kuliko yote. Usiusome wote. Tafuta swali moja unaloweza kulianza, hata kipengele (a) peke yake. Kabla ya kuandika jibu, andika pembeni neno moja la ulichohisi: woga, aibu, kuchanganyikiwa au uchovu. Fanya hivyo kwa wiki moja, uone neno lipi linajirudia. Likiwa uchovu, hilo si kuahirisha. Lala, usome alfajiri. Likiwa kuchanganyikiwa, mfuate mwalimu au mwenzako ukiwa na kipengele hicho mkononi, umwoneshe mstari ulipokwama.